Pilipili yangu inawasha tu haina ladha, watu wa Mtwara na Lindi mnafanyaje?

mgeni_wa_korosho

Wakuu habari za wikiendi. Mimi mtu wa Singida, nimehamishiwa Mtwara kikazi, nimepanga huku Shangani na napika mwenyewe maana familia bado iko nyumbani. Kuna mama ntilie mmoja upande wa feri anapika changu wa nazi, mchuzi wake una pilipili lakini ile pilipili unaisikia puani kwanza kabla haijafika kwenye ulimi, ina harufu flani tamu, unakula jasho linakutoka na bado unaomba akuongezee mchuzi. Sasa mimi nikirudi nyumbani nanunua pilipili hizo hizo soko la Chikongola, nakatakata, nakaanga na kitunguu na nyanya, naweka samaki, namalizia na tui, kinachotoka ni moto mtupu. Inawasha mpaka masikio alafu ukiuliza ladha iko wapi hamna. Nikipunguza ndo mchuzi unalala kabisa, bora ningekula ugali na chumvi.

Nimemuuliza yule mama akacheka akaniambia mwanangu pilipili ina wenyewe. Sasa wenyewe si ndo nyie? Ni aina ya pilipili, ni muda wa kuiweka, ni nazi au kuna kiungo ananificha? Na hizi pilipili za unga za madukani kazi yake nini maana nimenunua pakiti, rangi nyekundu kali lakini ukinusa hunusi kitu.

mtoto_wa_feri

Karibu kusini mkuu. Hamna uchawi hapo, unapasua kitu ambacho hakitakiwi kupasuliwa. Ngoja waje wakubwa wakuelekeze vizuri mimi kazi yangu kula.

napita_tu

Pilipili usiyoila yakuwashiani 😂 nimekaa na kahawa yangu hapa

bi_mkubwa_lindi

Mwanangu wa Singida karibu sana. Kwanza tuelewane umenunua pilipili ipi, maana mtu akisema pilipili tu anakua hajasema kitu. Kuna pilipili mbuzi, ile ya mviringo imekunjamana, ikiiva ya njano au nyekundu, hiyo ndo yenye harufu unayoisema. Kuna kichaa, vidogo vidogo vimechongoka, vinawasha mara moja na harufu yake si ya kuitafuta kwenye mchuzi, kazi yake iko kwenye chachandu na kwenye nyama ya kuchoma. Kuna ile ndefu ya kukausha. Hoho hiyo ni mboga tusiijadili.

Mchuzi wa samaki wa nazi ni wa pilipili mbuzi na inaingia NZIMA na kikonyo chake. Unakuna nazi yako, unakamua tui zito unaliweka pembeni, unarudia maji unapata tui jepesi. Bandika tui jepesi sufuriani na kitunguu, nyanya, thomu iliyotwangwa, binzari manjano kidogo tu isije ikatawala, chumvi, alafu dumbukiza pilipili mbuzi moja au mbili nzima zielee. Acha vichemke mpaka nyanya ziive zivurugike. Hapo ndo unaweka samaki wako ambae ulishampaka chumvi na ndimu ukamkaanga kidogo au ukampitisha kwenye mkaa, asikauke tu. Ukwaju au embe bichi wakati wa maembe. Mwisho kabisa tui zito, moto mdogo, usifunike, koroga taratibu mpaka lichemke kidogo usije ukalikata.

Na mwiko wako uwe na adabu. Unapita pembeni ya pilipili, huisukumi huibonyezi. Ikipasuka ndani basi chakula cha watoto kimeharibika hapo hapo. Ukiepua unaitoa unaiweka kwenye kisahani mezani, anaetaka ukali anaiminya kidogo kwenye sahani yake mwenyewe, asietaka anakula harufu. Ndo ivo anavyofanya huyo mama wa feri nakuapia, wala hajakuficha kitu.

newala_juu

Bi mkubwa heshima yako ila nataka nibishe kidogo. Hiyo ya pilipili nzima nzima ni mambo ya watu wa pwani wenye nazi mlangoni. Sisi huku juu nazi inapanda na gari, tunapikia korosho na karanga na pilipili tunatwanga na inakua na ladha vizuri tu. Kwaiyo tusimdanganye mgeni kwamba ukipasua ladha inaondoka.

bi_mkubwa_lindi

Sijasema inaondoka mwanangu, nimesema mchuzi wa samaki wa nazi. Soma vizuri.

mpishi_wa_melini

Wote mko sahihi, ngoja niweke vizuri maana nimepika melini miaka mingi na pilipili nimezipikia watu wa kila aina.

Kinachowasha kwenye pilipili kinaitwa kapsaisini. Watu wengi wanasema ukali uko kwenye mbegu, hapana, uko kwenye ule utando mweupe ulioshika mbegu ndani, mbegu zinapata ukali kwa sababu zimegusana nao. Harufu na utamu uko kwenye nyama na ganda. Sasa sikilizeni hapa ndo penye mzizi wa swali la jamaa. Pilipili mbuzi ni ukoo mmoja na habanero za kule Amerika, na ukienda kwenye kipimo cha Scoville, kipimo cha ukali wa pilipili alichokianzisha mfamasia wa Marekani Wilbur Scoville mwaka 1912, habanero inacheza kuanzia 100,000 mpaka 350,000. Kichaa inacheza kwenye 50,000 mpaka 100,000. Yaani ile tunayoiita kichaa ndo mpole hapo! Hoho ni sifuri. Kwaiyo hii yenye harufu nzuri kuliko zote ndo hiyo hiyo kali kuliko zote ulizonazo sokoni, ukiikatakata na utando wake umemwaga moto wote sufuriani, mdomo unashughulika na kuungua hauna muda wa kusikia harufu. Ukiacha nzima, mvuke na mafuta ya nazi vinachukua harufu ya ganda na utando unabaki umefungiwa ndani. Bi mkubwa amekufundisha sayansi bila kuitaja.

Ila kuna njia ya pili ambayo mimi naipenda zaidi, ipasue, kwangua utando wote na mbegu kwa ncha ya kisu, alafu nyama iliyobaki ikatekate ndogo ndogo sana uiweke. Unaweza kuweka pilipili tatu badala ya moja na harufu inakua mara tatu bila watu kulia. Ukishindwa kukwangua usijaribu, rudi kwenye nzima.

La pili, kapsaisini haipendi maji, inapenda mafuta. Ukipika mchuzi wa maji maji ule ukali unaelea na mafuta juu, kijiko hiki kinaunguza kijiko kile hakina kitu. Tui la nazi mafuta yake yametawanyika kila sehemu ndo maana mchuzi wa nazi unawasha sawasawa na kwa upole. Kwa hiyo hiyo sababu ukiwashwa usinywe maji, maji yanasambaza tu, kunywa maziwa au mtindi, hamna maziwa bugia wali au kipande cha muhogo.

La tatu chumvi na uchachu. Jamaa umetaja kitunguu, nyanya, samaki, tui, sijaona ndimu wala ukwaju hata sehemu moja. Pilipili bila kitu cha uchachu inakua nzito imelala, ndo huo mchuzi uliolala unaousema. Kamulia ndimu ukishaepua uone.

mgeni_wa_korosho

Aisee shikamoo bi mkubwa, na mkuu wa melini nimekuelewa sana. Kumbe nimekua nachinja mbuzi mzima kila siku 😂. Ni kweli pilipili zangu ni hizo za mviringo zimekunjamana na ndimu siweki kabisa, kwetu ndimu ni ya mafua.

Maswali mengine. Moja, newala_juu hebu elezea hiyo ya korosho maana korosho ninazo ofisini tunapewa. Mbili, nikikata pilipili mikono inawaka mpaka usiku, juzi nimegusa jicho nikadhani nimepofuka, nafanyaje? Tatu, mke wangu nikimpigia anasema nile kidogo nitapata vidonda vya tumbo, ni kweli au ni maneno ya kijiweni?

bi_mkubwa_lindi

Marahaba mwanangu. Mikono pakaa mafuta ya kula KABLA hujaanza kukata, ukimaliza osha kwa sabuni ya kipande sugua vizuri. Watu wanaosha na maji matupu alafu wanashangaa. Ukishagusa jicho ni maji safi mengi tu na uvumilivu, usiweke kitu kingine chochote humo.

newala_juu

Sawa mgeni. Kwanza korosho za ofisini za kukaanga na chumvi kula na chai, za kupikia ni zile kavu hazijakaangwa, tafuta vipande vilivyovunjika ni bei rahisi kuliko nzima na kwenye kinu zote zinakua kitu kimoja.

Pilipili yetu ni ile ndefu iliyoiva kabisa, nyekundu mpaka kwenye kikonyo, tunaanika kwenye jamvi au turubai, usiku tunaingiza ndani isipate umande. Ikikauka vizuri ukiitikisa mbegu zinalia ndani. Ukiona ina unga unga wa kijani au mweusi au inanuka uvundo hiyo imeota ukungu tupa, usiseme ntaikaanga ukungu utakufa, sumu ya ukungu haifi kwa kukaanga.

Sasa watu wengi wanaichukua kavu hivyo hivyo wanaitwanga, hapo ladha wameiacha. Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, pilipili ndani, zigeuze geuze, zinabadilika rangi kidogo na harufu inapanda mara moja, ni sekunde sio dakika, ukiona moshi na wote ndani mmeanza kukohoa umechelewa, imeshakua chungu na uchungu huo hautoki hata uweke sukari. Toa, loweka kwenye maji ya vuguvugu mpaka zilainike, twanga na thomu na chumvi. Hiyo ndo pilipili yenyewe, ina utamu flani wa kama zabibu kavu alafu ukali unakuja nyuma taratibu.

Kisamvu chako kitwange vizuri kichemke sana mpaka kiive kweli kweli, kisamvu si cha haraka haraka kina sumu kikiwa kibichi. Korosho twanga mpaka ziwe unga, changanya na maji ya vuguvugu upate uji mzito. Mimina kwenye kisamvu, weka kijiko cha ile pilipili iliyotwangwa, kitunguu, na hapo usiondoke jikoni maana korosho inashika chini ukigeuka kumwangalia jirani imeungua. Moto mdogo, koroga, ikitoa mafuta juu epua. Na ugali wa muhogo pembeni. Kama hujalia basi Singida mna roho ngumu.

mtoto_wa_feri

saa tano usiku mnaandika haya, mnataka sisi tuliokula mkate na chai tufanyeje

nesi_wa_zamu

Hilo la vidonda nijibu mimi. Pilipili haileti vidonda vya tumbo. Vidonda vingi vinaletwa na bakteria anaitwa Helicobacter pylori, na vingine vinaletwa na kumeza sana dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, hizi ambazo kila mtu akiumwa mgongo anakimbilia duka la dawa. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, ndo waliomgundua huyo bakteria miaka ya 80 mwanzoni na wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2005, mmoja wao Marshall alimnywa kabisa huyo bakteria ili watu wamuamini, akaumwa tumbo kweli.

ILA kama tayari una kidonda au kiungulia, pilipili inaweza kukuchoma na kukuongezea maumivu, hapo punguza na nenda ukapime, kuna dawa na mtu anapona. Kinachonikera ni mtu anaumwa tumbo miezi anaacha pilipili tu anaona amejitibu, mdudu bado yumo ndani. Na wale wanaosema pilipili kichaa inaua amiba naomba mkapime choo jamani.

Hicho kuwaka mdomoni pia hakukuunguzi kitu. Kapsaisini inashika kwenye vihisi vya mwili vile vile vinavyohisi joto la kuanzia kama nyuzi 43 hivi, ubongo unadhani umeungua wakati hamna moto. David Julius alipata Nobel mwaka 2021 kwa hiyo kazi. Ndo maana ukizoea unaweza kula kali zaidi, vile vihisi vinachoka.

Mpe salamu shemeji mwambie asiwe na wasi.

napita_tu

uzi wa pilipili umetoa Nobel mbili, kusini raha

shemeji_wa_ruvuma

Mmesahau majirani. Wakwe zangu wako ng'ambo ya Ruvuma upande wa Msumbiji, na wale ndo walimu wa piripiri. Pilipili yenyewe ilitoka Amerika, Wareno ndo waliosambaza kwenye pwani zetu hizi kwenye karne ya 16, na Msumbiji walikaa mpaka 1975 kwaiyo wale wamepika nayo muda mrefu.

Kuku wao ni hivi. Pilipili kichaa mbivu nyekundu, thomu nyingi bila aibu, chumvi ya mawe, twanga kwenye kinu pamoja mpaka iwe rojo, kamulia limao, ongeza mafuta ya kula. Hapo kichaa ndo mahali pake maana hutaki harufu ya matunda, unataka ukali msafi unaochanganyika na moshi wa mkaa. Kuku wa kienyeji mdogo mpasue mgongoni umlaze awe bapa, mchanje chanje, mpake nusu ya rojo asubuhi, jioni weka kwenye mkaa. Mkaa uwe umetulia una majivu juu, ukiweka kwenye moto unaowaka ile thomu inaungua inakua chungu. Ile nusu nyingine ya rojo weka kwenye bakuli safi unampaka wakati anaiva, usitumie ile iliyolala na kuku mbichi. Kuna watu wa Zambezia wanaongeza tui la nazi kwenye hiyo rojo, na wakati wa kuchoma wanampaka pakaa hilo tui, hiyo sasa sitaki kuielezea ukiwa peke yako bila familia utaumia roho bure.

mpishi_wa_melini

Shemeji umenikumbusha kitu. Nimewahi kufanya kazi na kijana wa Mexico, wale wanachanganya pilipili kavu aina mbili tatu kwenye chungu kimoja, moja ya rangi, moja ya utamu, moja ya ukali. Wana moja inaitwa chipotle, ni pilipili ya jalapeño iliyoachwa iive iwe nyekundu alafu inakaushwa na moshi badala ya jua. Sasa huku kwetu watu wanakausha samaki na moshi kila siku. Ukiwa na jirani anaekausha samaki mpe pilipili zako ndefu mbivu azilaze kwenye wavu pembeni, mbali na moto, mpaka zikauke kabisa. Ukija kutwanga hizo na chumvi ukaweka kwenye mbaazi za nazi, watu watakuuliza umeweka nyama gani.

Tahadhari moja tu, moshi uwe wa kuni au makumbi ya nazi. Msije mkatumia maganda ya korosho kwa sababu yapo bure, yale maganda yana mafuta yanayobabua ngozi, waliowahi kubangua korosho kwa mikono wanajua, moshi wake sio wa chakula.

Na pakiti yako ya unga mgeni, unga wa pilipili harufu yake inaruka haraka ukishasagwa, ukikaa kwenye duka juani umebaki rangi na ukali tu. Nunua kavu nzima usage kidogo kidogo. Huo ulionao usiutupe, pasha mafuta, toa kwenye moto, tia kijiko cha chai cha unga na binzari nyembamba, koroga, mwagia juu ya mbaazi au wali. Usiutie kwenye mafuta yakiwa bado jikoni unaungua kabla hujafumba jicho.

bi_mkubwa_lindi

Hiyo ya kumwagia juu nzuri, mimi naweka na majani ya giligilani.

Ila mgeni kama unaishi peke yako tengeneza achari yako uwe nayo kwenye chupa usihangaike kila siku. Ndimu kata nne nne, chumvi nyingi, anika juani mpaka ganda lilainike, weka pilipili mbuzi na kichaa, tangawizi, funga. Kadri inavyokaa ndo inavyokua tamu.

mtoto_wa_feri

Mimi dada yangu anasaga pilipili na thomu na mafuta ya alizeti anajaza kwenye chupa anaweka juu ya kabati, inakaa hata mwezi. Rahisi zaidi mkuu.

mpishi_wa_melini

Hapo namkataza dada yako kwa herufi kubwa. THOMU MBICHI KWENYE MAFUTA HAIKAI JUU YA KABATI. Kuna bakteria wa botulizimu anapenda sehemu isiyo na hewa na isiyo na uchachu, chini ya mafuta ndo nyumbani kwake, na chakula hakinuki wala hakibadiliki rangi, mtu anakula anapooza. Achari ya bi mkubwa inakaa kwa sababu ya ndimu na chumvi. Dada afanye hivi, badala ya mafuta atumie siki, au kama anataka mafuta atengeneze kidogo, aweke kwenye friji na aimalize ndani ya siku chache. Melini hiyo chupa ningeitupa baharini mbele yake.

mtoto_wa_feri

Duh. Namtumia hii sasa hivi.

newala_juu

Na hizo chupa mzichemshe kwanza mkaushe vizuri, tone la maji linaozesha achari nzima. Kijiko nacho kikavu. Kuna watu wanachota achari na kijiko kilichotoka kwenye mchuzi, hao wakatengeneze ya kwao.

mgeni_wa_korosho

Wakuu nimeandika kila kitu kwenye daftari. Jumamosi naingia Chikongola. Pilipili mbuzi nzuri naitambuaje maana pale kuna za kila rangi? Na la mwisho kabisa, yule mama pia anapika pweza wa nazi, pilipili kwenye pweza inaingia lini? Nimejaribu pweza akawa mgumu nikatafuna mpaka taya likauma.

shemeji_wa_ruvuma

Mbuzi nzuri ganda linang'aa, ngumu ukiibonyeza, kikonyo bado kijani. Nusa pale kwenye kikonyo, kama hunusi kitu hata mchuzi hautanusa kitu. Ya njano na nyekundu zina utamu kuliko ya kijani. Zikizidi zitie kwenye friza nzima nzima, zikiyeyuka zinalegea lakini kwenye mchuzi hamna mtu atajua.

bi_mkubwa_lindi

Pweza unamkosea mwanzoni. Pweza hapikwi na chumvi wala pilipili kwanza, muoshe, muweke sufuriani peke yake bila maji, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe mengi ya rangi ya zambarau, aivie humo humo mpaka uma uingie kwenye mkono wake ule mnene bila kusukuma. Maji yakikauka kabla hajaiva ongeza kidogo ya moto. Ndo unamtoa unamkatakata.

Alafu mchuzi wake unaanza upya kama nilivyokwambia wa samaki, ila pweza ni mtamu kwa hiyo ukali ongeza, weka mbuzi nzima mbili na kichaa mmoja umpasue, na ndimu usionee huruma. Yale maji ya zambarau usiyamwage chonde chonde, kamulia ndimu, pilipili manga, chumvi kidogo, hiyo ni supu, kunywa huku unasubiri tui lichemke.